Samadi Kutoka Nyamuswa

Kuna binti wa kaka yangu anasomea kilimo. Juzi alikuja kunisalimu hapa Musoma na kifuko cha plastiki mkononi, kina maandishi ya kijani, ndani kuna kitu cheusi laini mithili ya majani ya chai yaliyochemshwa. Akaniambia, shangazi, hii ndiyo mbolea ya kisasa, ni ya minyoo, weka vijiko viwili kwenye chungu chako cha maua uone maajabu. Nikamwambia asante. Akaanza kunieleza minyoo inavyokula maganda, inavyotoa kinyesi, kinyesi kinavyolisha mizizi. Nilimwacha aseme mpaka akamaliza. Nguvu za kubishana siku hizi sina, na kumwambia mtoto aliyefurahi kwamba jambo lake unalijua tangu yeye hajazaliwa ni uchokozi tu.

Sina ugomvi na kifuko chake. Ila kinyesi cha minyoo kwangu mimi ni habari ya mama yangu, na habari hiyo nimeibeba siku nyingi. Imenichosha. Naiandika ili niitue.

Ilikuwa miaka ile foleni za sukari zinaanza kupungua na ruksa ya biashara huria inaanza kuingia. Tulikuwa tumetoka kwenye kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, tumetoka kwenye ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na sasa mitumba imefika sokoni, tunaiita kafa Ulaya. Vitu vilianza kuonekana madukani. Kisichoonekana kilikuwa cha kuvinunulia. Mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Mashine yangu ilikuwa haina herufi mbili, tunazijazia kwa kalamu, na utepe tuliugeuza na kuugeuza mpaka barua zikawa zinatoka kijivu. Nikitoka kazini nakwenda kupanga foleni ya maji, napika, nafua, nalala, kesho tena. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu na mwili wa mtu wa sitini. Sisemi hivyo kwa kujitetea. Au labda najitetea, sijui.

Mama alikuwa anaishi peke yake nje kidogo ya Butiama, kwenye mji aliouacha baba. Baba alishafariki, kaka zangu wametawanyika kutafuta maisha, nami ndiye niliyebaki karibu. Siku moja akaanguka shambani, jembe mkononi. Majirani wakamleta hospitali mjini, na daktari akaniita pembeni akaniambia moyo wake umepanuka. Alinipa masharti mawili. La kwanza, asishike jembe tena. La pili, asipewe habari za kushtua.

"Mkiyafuata hayo ataishi na wewe miaka," akasema. "Mkishindwa, mimi siwaahidi hata mwaka."

Nikamchukua nikamleta kwangu, mtaa wa Nyasho hapa Musoma. Nilipanga vyumba viwili katika nyumba yenye wapangaji wanne, na katikati palikuwa na uwanja mdogo uliosakafiwa saruji, hakuna udongo hata wa kupanda kitunguu. Mama alitandika mkeka mlangoni akawa anaiangalia ile saruji kutwa nzima.

"Nyie watu wa mjini," akasema siku ya tatu, "mmeizika ardhi na nyie wenyewe hamjafa."

Nilimweleza aliyosema daktari kuhusu jembe. Akacheka, kicheko kile cha kumdharau mtu aliyesoma.

"Daktari angesema tu nisile, ningemwelewa. Nilianza kulima sijaota meno ya mbele. Leo nikae kwenye mkeka kama mwali?"

"Mama, moyo."

"Moyo ni wangu, mama, si wa daktari." Yeye aliniita mama, kama wazazi wa kwetu wanavyowaita mabinti zao. "Sikiliza. Nitakaa hapa kiangazi hiki kwa sababu umeniomba. Mvua za vuli zikianza, naenda kulima. Sijawahi kula mboga ya kununua, na uzeeni sianzi."

Hakuwa anatania. Mboga niliyonunua sokoni aliigusa kwa kidole akasema imelala, hajui imeoshwa kwa maji gani, akala ugali kwa chumvi. Hapo nikajua hesabu ilivyo. Nilikuwa na kiangazi kimoja cha kumpa mama sababu ya kubaki, na kama sikuipata, angerudi kwenye jembe, na jembe lingemuua.

Ndipo nikaanza makopo. Niliokota ofisini, kwa majirani, jalalani: makopo ya mafuta ya msaada, ya maziwa ya unga, madebe yaliyotoboka, hata beseni lililopasuka. Nikayatoboa chini kwa msumari, nikajaza udongo wa kando ya barabara ya ziwani, ambao kusema kweli ni changarawe iliyopakwa rangi ya udongo. Nikapanda mchicha na mgagani. Ikaota, ikasimama urefu wa kidole, ikageuka njano.

Mama aliiangalia kutoka kwenye mkeka. "Hii mboga ina homa," akasema. "Ipeleke kwa daktari wako."

Nikatafuta mbolea. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na mhudumu anayesinzia. Mwisho, mtu mmoja niliyesoma naye, aliyekuwa na shughuli za pamba Bunda, akanipa konzi mbili za mbolea nyeupe ya chengachenga, kaifunga kwenye gazeti. Nami kwa uchovu wangu na haraka yangu nikatia kijiko kizima kila kopo. Baada ya siku tatu majani yakaungua kingo, yakajikunja, yakalala.

"Umeitia mboga chumvi ikiwa hai," mama akasema. "Si ungesubiri ifike kwenye sufuria?"

Wapangaji wakacheka. Mimi nikaingia ndani nikalia. Nilikuwa nalia kwa vitu vidogo sana miaka ile.

Aliyetuokoa ni mzee mvuvi wa chumba cha mwisho. Alikuwa ametoka upande wa Kisorya, kafiwa na mkewe, anaishi na nyavu zake na redio mbovu. Kila asubuhi kabla ya kwenda ziwani alichimba chambo nyuma ya bafu, pale maji ya vyombo yanapoishia na maganda ya ndizi yanapotupwa. Kwa minyoo alivua furu, na kwa furu hai alitegea sangara, kwa sababu wenye magari ya barafu walishaanza kumtafuta sangara kwa udi na uvumba. Asubuhi moja mama alikwenda bafuni akamkuta anachimba. Nilimsubiri arudi, hakurudi. Nikatoka mbio nikidhani ameanguka.

Alikuwa amechuchumaa, kashika kiganjani vijidonge vya udongo mweusi.

"Unayaona haya?" akaniambia. "Mavi ya nyungunyungu. Bibi yako kule Ikizu alikuwaga anayakwangua chini ya migomba alfajiri, anailisha tumbaku yake. Tumbaku ya bibi yako jani moja lilikuwa linafunika mtoto mchanga. Na mimi nimekaa kwenye mkeka miezi miwili, kumbe chakula kiko nyuma ya choo!"

Sikuwa nimemwona na uso ule tangu baba afe.

Mzee mvuvi akalalamika kwamba hapo ndipo anapopata riziki yake.

"Shemeji," mama akamwambia, ingawa hawakuwa na ushemeji wowote, "hawa sasa ni ng'ombe zangu. Ukitaka mmoja, njoo uombe kama watu wanavyoomba."

"Nilete na mahari?"

"Leta samaki. Mahari yenu nyie watu wa ziwani naijua, mnapima kwa mkia."

Wakaelewana hivyo. Mzee alimpa mama nusu ya pipa la chuma alilokuwa analitumia kuchemshia dawa ya nyavu, tukalisugua kwa mchanga siku mbili, tukalitoboa chini. Mama akatandika majani makavu ya mgomba, juu yake udongo ule wa nyuma ya bafu, akaihamishia minyoo moja moja kwa mkono, akafunika gunia bichi. Chakula alikiweka upande mmoja tu wa pipa: maganda ya ndizi aliyoyakatakata, majani ya chai, karatasi za ofisini kwangu alizozilowanisha. Minyoo ilihamia kwenye chakula, na upande ilioacha ndio aliokwangua kinyesi. Kisha anahamisha chakula upande wa pili. Hakutaka chumvi karibu, hakutaka pilipili, na mpangaji mmoja aliyemwaga humo maji ya kuchemshia mihogo alipewa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Kila Jumamosi alizilisha mboga. Alikwaruza udongo kidogo kuzunguka shina, asiguse mzizi, akaweka konzi, akafukia, akanyunyiza maji. Kopo la miche michanga alilipa uji, yaani kinyesi kilichokorogwa kwenye maji kikalala usiku mmoja. Mimi nilikaa pembeni nikimwangalia, miguu imevimba kwa kusimama foleni.

"Mmea wa shambani ukisikia njaa unatuma mizizi mbali," aliniambia. "Wa kopo hauna pa kwenda. Wewe uliyeufunga ndiye wa kuulisha, na usiudanganye."

Mchicha ulitoka na majani ya kiganja. Mgagani ulitoka mpaka tukawa tunagawa. Nyanya zikatambaa kwenye kamba za mzee mvuvi, na mpangaji mwingine akaleta ua lake lililokuwa linakufa kwenye kopo la rangi, likafufuka, akawa anamwamkia mama kwa kupiga goti. Tulikula mboga ile kila siku. Mama aliipika kwa maziwa mgando, akala, akalamba vidole, akaongezeka uso. Alifuta majani moja moja kwa kitambaa asubuhi. Aliyapanga makopo kwa ukubwa, akayageuza jua lilipogeuka. Hiyo yote ilikuwa kazi, na hakuna jembe ndani yake. Nilihesabu miezi iliyobaki kabla ya vuli nikiomba Mungu kanisani na jikoni.

Siku moja akiwa anachambua mgagani akasema, bila kuniangalia, "Mwaka huu labda nisiende."

Nikachukua ndoo nikaenda kwenye maji. Niliogopa nikijibu atabadilisha.

Sasa minyoo ilizaana ikawa mingi, na maganda ya wapangaji wanne hayakutosha. Mama akasema inataka samadi ya ng'ombe, iliyokaa, si mbichi, maana mbichi ina moto. Na hakutaka ya mtu yeyote tu. Alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja huko Nyamuswa, mama yangu mdogo, mwenye ng'ombe kumi na kitu.

"Nenda ukaniletee ya zizini kwake. Zizi lile nalijua, ng'ombe zake zinakula majani tu."

Nikaenda Jumamosi. Gari mpaka Bunda, kutoka Bunda nikasimama juani mpaka nikapata lori la magunia, nikaingia Nyamuswa nimegeuka vumbi. Mama mdogo nilimkuta amekaa chini, kichwa kimefungwa kitambaa. Zizi lilikuwa wazi. Siku nne zilizopita wezi walikuja na bunduki wakawachukua ng'ombe wote, na ndama. Wanaume wa kijiji walikuwa wamefuata nyayo kuelekea mashariki na hawajarudi.

Tulilia pamoja. Kisha, kwa aibu, nikamwambia kilichonileta.

"Mwanangu, hata kiganja kimoja siwezi kukupa," akasema. "Waliofuata nyayo hawajarudi. Zizi halikwanguliwi. Ukilikwangua umeshasema ng'ombe hawarudi."

Nilikuwa naijua desturi hiyo. Nilikuwa nimeisahau, kama unavyosahau mambo ya kwenu ukikaa mjini. Akaniomba kitu kimoja tu, nisimwambie dada yake, kwa ajili ya moyo ule. Nikamwahidi.

Basi nikarudi barabarani na gunia tupu. Lori lilikawia. Pale barabarani palikuwa na josho la ng'ombe, nililolijua tangu tukiwa watoto tunakuja likizo. Tangu dawa ya kuogeshea mifugo ilipokosekana nchini, lile josho nililijua kama shimo la vyura, miaka na miaka, wala sikulisogelea kulitazama. Pembeni, kwenye kile kiuwanja ambapo zamani ng'ombe walisimama kuchuruzika wakitoka kwenye maji, palikuwa na lundo la samadi nyeusi, kavu, iliyokwisha kukwanguliwa ikarundikwa. Niliiangalia. Miguu inauma, jua linachoma, Musoma mbali. Nikasema, samadi ni samadi. Nikajaza gunia kwa mikono. Ilikuwa na harufu kidogo ya dawa, nikadhani ni ya gunia lenyewe, maana miaka ile magunia yalinukia kila kitu.

Nilifika nyumbani jioni. Mama alikuwa mlangoni.

"Za Nyamuswa?"

"Nzuri, mama."

"Mdogo wangu?"

"Hajambo. Anakusalimia sana."

"Na ng'ombe?"

"Wazima," nikasema.

Alinitazama. Akaangalia gunia. "Hii ya zizini kwake?"

"Ya zizini."

"Haya," akasema. "Asante, mama. Pole na safari."

Kesho yake baada ya kanisa aliichanganya kwenye pipa. Siku ya tatu asubuhi nilisikia mzee mvuvi anaita. Minyoo ilikuwa imetoka kwenye pipa, imepanda kingo, imeangukia kwenye saruji, imejinyonganyonga ikakauka. Iliyobaki ndani ilikuwa imelegea, rangi imepotea. Mama alipiga magoti akaikusanya kwenye ungo. Alikuwa anaigusa moja moja, kama kuna iliyolala tu.

"Ni mvua inakuja," mzee akasema kumfariji. "Huwa wanatoka mvua ikikaribia."

"Si mvua," mama akasema. "Ni mkono wangu. Mkono umekufa."

Kwetu watu husema fulani ana mkono wa kupanda, anachotia ardhini kinaota. Mama alikuwa nao, kijiji kizima kilimwita kuanzisha mbegu. Kuanzia siku ile alikaa kwenye mkeka akiviangalia viganja vyake. Mboga hazikufa. Zilisimama tu, wiki ya kwanza, ya pili, zikaanza kupauka. Nilimwambia tuchimbe minyoo mingine nyuma ya bafu, akasema aichimbe mwenye mkono.

Wiki ileile minyoo ilipokufa, tarishi wa ofisini kwetu, mtu wa Nyamuswa, akawa anapiga soga karibu na mashine yangu. Akasema kwao sasa mambo mazuri, kuna mfanyabiashara ameruhusiwa kuleta dawa ya mifugo, watu wamechanga, josho limejazwa tangu mwezi uliopita, ng'ombe wanaogeshwa kila wiki na kupe wanadondoka kama mvua. Nilikuwa nachapa barua. Niliendelea kuchapa mpaka mwisho wa mstari, nikasimamisha mikono. Dawa ya kuua kupe nimeileta mwenyewe kwenye gunia, nikaipakia kwenye lori, nikamkabidhi mama yangu mkononi.

Ningemwambia jioni ile, labda angebaki. Nilikuwa na wiki tatu nzima kabla ya mvua. Lakini kumwambia habari ya josho ni kumwambia kwa nini si zizini, na kumwambia kwa nini si zizini ni kumwambia ng'ombe wa mdogo wake wameibiwa, na daktari alikataza, na mama mdogo nilimwahidi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na si sababu mbaya. Nyingine ni kwamba niliona aibu. Na nyingine, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba nilikuwa nimechoka. Kila jioni nilifungua mlango nikasema leo, kisha nikaona ndoo tupu na masufuria, nikasema kesho.

Vuli ikafika. Usiku mmoja mvua ilipiga mabati mpaka asubuhi, na kulipokucha mama alikuwa ameshafunga khanga zake.

"Mama, daktari alisema—"

"Nimekaa kiangazi. Si ndivyo tulivyoagana?"

Nilimsindikiza stendi. Mzee mvuvi alibeba mzigo, akampa samaki wawili wakavu kwenye jani. Hakumtania. Mama alipanda gari la Butiama akakaa dirishani, akaniambia nisisahau kuzimwagilia zile nyanya. Nikasema sitasahau.

Desemba nilipata likizo nikamfuata. Nilimkuta shambani, kainama, analima palizi ya kwanza ya mtama. Alikuwa amepungua. Analima hatua tatu, anaegemea mpini, anavuta pumzi, anaendelea. Nikasimama mwisho wa tuta na nguo zangu za mjini, na pale pale, kabla hata ya kumwamkia vizuri, nikaanza kusema. Nikamwambia ng'ombe wa mdogo wake waliibiwa, na nyayo zilipotelea mbali, hawakupatikana.

Hakusimamisha jembe. "Hilo nilijua."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Wewe ulipoondoka asubuhi tu, alipita mtu wa Nyamuswa anakwenda hospitali, akanisimulia pale mlangoni. Nililia. Nikanywa maji, nikakaa. Moyo haukupasuka." Alikung'uta udongo kwenye jembe kwa unyayo. "Nikakusubiri. Nikasema mtoto wangu akirudi ataniambia, tutalia wawili. Nikakuuliza, na ng'ombe? Ukaniambia wazima. Samadi nikadhani amekupa iliyokwanguliwa kabla ya wizi."

"Mama, daktari—"

"Nikajua umeshanizika. Mtu anayefichwa msiba wa mdogo wake, huyo si mtu tena wa nyumba ile. Ni mgonjwa anayelishwa." Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningevumilia vizuri zaidi. "Nikasema, na minyoo nayo imenikataa. Sasa nabaki kufanya nini?"

Nikamwambia la pili. Zizi halikukwanguliwa. Lundo la barabarani. Josho lilivyojazwa dawa mimi sijui. Nilisema yote, machozi na kamasi, mtu mzima na kazi yake serikalini.

Hapo akasimamisha jembe. Akaliweka chini. Akageuza viganja akavitazama, juu na chini.

"Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, mama."

"Tangu minyoo ife, mama! Mpaka leo nalala nikijua nimekufa mkono." Akashusha mikono. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Nikamwambia turudi Musoma, leo hii, mzee atatuchimbia minyoo mingine, tutaanza upya, pipa lipo, nitalisugua mwenyewe. Niliinama nichukue lile jembe. Aliliwahi, akalivuta kwake, si kwa nguvu, nguvu hakuwa nazo. Ningeweza kumpokonya. Daktari angenitaka nimpokonye. Lakini nilimtazama usoni nikaona sina tena mdomo wa kumwambia kipi kinamfaa.

"Nimeshapanda," akasema. "Kuna jingine nyuma ya mlango. Ukitaka kusaidia, kalichukue."

Nikalichukua. Tulilima mpaka saa sita, yeye mstari wake na mimi wangu, na mstari wangu ulipinda. Nilikaa naye siku zote za likizo nikimlimia nilivyoweza. Januari nikarudi kazini, kwa sababu orodha za kupunguza watu zilianza kusemwa na asiyeonekana mezani ndiye angeandikwa wa kwanza.

Alifariki mtama ukiwa unaanza kuchanua. Walimkuta shambani, amelala ubavu katikati ya mistari. Watu walijaa msibani, wa Butiama, wa Nyamuswa, na mzee mvuvi alikuja kutoka Musoma na viatu vya kuazima. Wote walinishika mkono wakaniambia nisijilaumu, nilifanya yote ambayo mtoto angeweza kufanya, ila mama yangu alikuwa mkaidi, hasikii. Nami nikawaitikia mmoja mmoja kwamba ndiyo, mama alikuwa mkaidi.